Medea hana kwao

London, Machi 2023

Mwanangu,

Nimekwenda, kama ulivyonituma. Tiketi ilinikamua, lakini ulishasema hunipi pumzi mpaka niione Medea, ule mchezo wa kale wa Kigiriki, Sophie Okonedo akiwa Medea mwenyewe, basi nimeiona. Jumba lenyewe jipya, limefunguliwa mwaka jana tu huko Soho. Jukwaa liko katikati, nasi tumelizunguka kama watu waliozunguka bao.

Sijatulia vizuri, mara mwanamke mmoja katikati ya watazamaji akaanza kusema kwa sauti. Nikajisemea, huyu kalewa. Kumbe ni mmoja wa waitikiaji! Wanawake wa Korintho, mwongozaji Dominic Cooke kawachanganya na sisi wenye tiketi. Kwa hiyo Medea akilia anatulilia sisi, nasi tumekaa na makoti mapajani, hakuna anayeinuka.

Lakini lililonikaa ni jingine. Jason mume mtu, mfalme Creon anayemfukuza mwanamke mjini, Aegeus anayemwahidi hifadhi Athens, wote kawacheza mtu mmoja, Ben Daniels. Akimaliza huyu, anazunguka ukingo wa jukwaa polepole kama anayetembea ndani ya maji, kisha anarudi mwingine. Mwaka 431 KK, Euripides, mtunzi wake, alipouleta mchezo huu kwenye mashindano ya Athens akaambulia nafasi ya tatu, yaani ya mwisho, wanaume ndio waliovaa vinyago wakawa Medea na wanawake wote. Leo mwanamume mmoja ametosha kuwa sisi sote. Nilicheka kidogo.

Nikaacha kucheka Jason alipodai kwamba ndoa yake mpya ni kwa faida ya Medea na watoto. Maneno hayo nayajua. Niliyasema mimi, barazani kwetu, wewe ukiwa darasa la tatu, nikimweleza mama yako habari ya mke wa pili. Hata sauti niliishusha vilevile, sauti ya mtu anayefanya hisani.

Uliniuliza kama ni haki kumpa heshima ya shujaa mwanamke aliyeua wanawe. Mimi simsamehe; vilio vya wale wavulana wawili bado ninavyo masikioni. Ila yule ni mgeni, katoka Colchis, Georgia ya leo. Kwa ajili ya Jason alimsaliti baba yake na kumuua ndugu yake. Kwetu mke akikosewa hufunga virago akarudi kwao. Medea hana kwao.

Mama yako alikuwa nako. Mjomba wako alifika alfajiri toka Pangani na gari la kukodi, hakunisalimu, akapakia sanduku na cherehani, na wewe nyuma yake na kuku wako kwapani. Nilimkasirikia miaka. Usiku ule, nikielekea kituo cha treni, nililikumbuka gari lile nikaona miguu yangu mizito.

Kijitabu cha maonyesho kimo ndani ya bahasha hii. Msalimie mjomba. Mimi simu zangu hapokei.

Baba yako