Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: stoo ya malikale inavuja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Ni mimi mtunza stoo uliyenipa mkono siku ile ulipokuja na ugeni, ukatazama paa lililoliwa na kutu, ukasema, "Hili ni la wiki mbili." Masika ya tatu ndiyo haya. Ndoo ni zile zile nne, na moja ni ya mke wangu.

Nilinyamaza mpaka Jumatano iliyopita. Usiku maji yaliingia kwenye maboksi ya mifupa ya watu wa kale na vigae vya vyungu vyao. Asubuhi, kwa kuwa wageni walikuwa njiani, tukaagizwa vigae visuguliwe kwa brashi na sabuni ya unga. Vimetakata, Mheshimiwa. Utadhani vyombo vya harusi.

Sikusoma sana, lakini miaka 19 nimewabebea watafiti masanduku, na masikio ninayo. Chungu cha udongo hunyonya mafuta ya kilichopikwa ndani yake, samaki au nyama, na mkemia akisaga kipande kidogo huweza kuyakuta hata baada ya mamia ya miaka. Sasa akija kupima hivi vyetu, si atasema mababu walikula sabuni?

Mifupa ndiyo usiseme. Vinasaba, yaani DNA inayoonyesha asili ya mtu, huharibiwa na joto na unyevu, na huku tunavyo vyote viwili bila kulipia. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa matokeo ya vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wa miji ya pwani kama Kilwa, Mtwapa na Manda: mababu zao wa upande wa kike wengi Waafrika, wa upande wa kiume wengi kutoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza yapata mwaka 1000. Marehemu bibi yangu alikuwa akitaja Washirazi, mababu waliotoka Uajemi, tukimcheka. Mifupa ile ingelala kwenye stoo yangu, bibi asingepata shahidi.

Nasikia fungu la paa lilihamia kwenye bango la kukaribisha watalii. Labda ni maneno ya barazani. Lakini bango nimeliona, na taa zake zinawaka.

Siombi maabara. Nilitaka kuomba na glavu, maana mifupa tunaishika kwa mikono mitupu na vinasaba vyetu tunaviacha humo humo. Basi, glavu nitanunua mwenyewe. Naomba mabati. 12 tu, na misumari. Fundi yupo hapa mtaani.

Jana usiku imenyesha tena. Mabati, Mheshimiwa.

Wako mtiifu, bado,
Mtunza stoo