P0135 haimaanishi sensa imekufa

Mhariri,

Gereji nyingi za Nairobi siku hizi zina skana, kifaa cha kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, na hilo ni jambo la kheri. Tatizo ni kwamba ikishasoma kodi (nambari ya hitilafu) P0135, mwenye gari hutumwa moja kwa moja kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road akanunue sensa ya oksijeni, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachopima oksijeni iliyo katika moshi. Kodi hiyo inasema tu kuwa njia ya umeme ya hita (kipasha joto) ya sensa ya mbele ina hitilafu. Njia hiyo ina fyuzi, waya, soketi na kompyuta ya gari. P0141 ni vivyo hivyo kwa sensa iliyo nyuma ya katalaiza, kile kisafisha moshi cha ekzosi.

Sensa haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi, ndiyo sababu ikawekewa hita. Hita ikikatika gari huwaka na kutembea, kwa hivyo wengi hupuuza. Lakini kwenye foleni ya Jogoo Road ekzosi hupoa, sensa hulala, na kompyuta hubaki kupima petroli kwa kukisia.

Anzeni na fyuzi. Ikiwa imeungua, msiweke nyingine kabla ya kufuata waya hadi chini ya gari. Mara nyingi klipu imevunjika, waya umelalia bomba la ekzosi, plastiki imeyeyuka na shaba inagusa chuma. Kuweka fyuzi kubwa zaidi hapo ni hatari: sasa ni waya utakaoungua.

Fyuzi ikiwa nzima, chomoeni soketi injini ikiwa baridi. Kwenye sensa ya waya nne, mbili huwa za rangi moja. Hizo kwa kawaida ndizo za hita. Sensa nyingi za Toyota za aina ya zamani husoma ohmu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 11 hadi 16 kwenye mita. Ile ya kupima uwiano wa hewa na mafuta, inayokaa mbele kwenye Toyota nyingi za miaka ya 2000 kuja huku, husoma 2 au 3 tu na ni nzima kabisa. Hizi hutupwa bure, eti zimeshoti. Mita isiposoma chochote, hita imekatika, hapo nunueni.

Upande wa gari, msiridhike na volti 12 za mita. Waya uliooza ukabakiwa na nyuzi mbili utaonyesha 12 vizuri, kisha uzidiwe hita ikianza kuvuta umeme. Futeni kodi ya hitilafu kwa skana, wekeni balbu ya wati 5, ile ya taa ya namba, kati ya pini mbili za hita, kisha washeni injini ikiwa baridi. Ikiwaka au kumetameta, umeme unafika. Ikiwa hafifu au haiwaki, kosa liko kwenye waya, soketi au kompyuta, na sensa mpya haitasaidia.

Wanaounganisha waya za sensa kwa lehemu, au kujaza grisi kwenye soketi, waache. Sensa nyingi hupata hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya waya hizo. Mkiziba, itadanganya hata hita ikiwa nzima.

Wenye magari, kabla ya kulipia sensa ulizeni ile ya zamani imesoma ohmu ngapi, na fundi aandike hesabu hiyo kwenye risiti.

Mafundi wa umeme wa magari,
Nairobi