Pindo la vidole vinne

Kariakoo, Dar es Salaam
Mei 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku ni wazima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Dhumuni la barua hii ni... Usicheke. Sisi tulifundishwa kwamba barua isiyo na dhumuni ni karatasi ya kufungia karanga. Dhumuni nitalifikia, nipe nafasi.

Naandika nikiwa dukani. Barua ataibeba mteja wangu anayesafiri wiki ijayo kuja huko Marekani kwenye mahafali ya mwanawe, akifika ataitia posta. Alinijia na kitenge yadi sita, cha bluu chenye maua ya njano, akataka gauni la kuvaa siku hiyo. Nikampima, nikaandika kwenye daftari, halafu nikamwambia, "Dada, la kwako litaonekana lote. Nguo ya mtoto ndiyo itakayofunikwa na joho, litabaki pindo tu." Akashangaa nimejuaje. Nikamwonyesha picha yako. Tangu siku hiyo, kila nikikaa kwenye cherehani ule mwaka unanijia.

Mwaka wako wa mwisho wa sekondari huko, kuanzia Agosti 2023 hadi Mei 2024, kila ukipiga simu uliniuliza kazi zinaendaje, nami nikajibu zinakwenda. Siku moja ukasema, "Baba, mbona siisikii ovaloki?" Nikakwambia iko kwa fundi. Haikuwa kwa fundi, mwanangu. Niliiuza.

Wewe mgao wa ule mwaka uliusikia kwenye simu tu. Umeme unakatika asubuhi tukifungua, unarudi jioni tukifunga. Mashine za umeme zikawa meza za kuwekea chai. Ile cherehani ya kukanyaga ya babu yako, uliyokuwa unapanda juu yake ukiwa mdogo, niliitoa kwenye kona ilikorundikiwa vipande, nikaitia mafuta, ndiyo ikatulisha. Lakini gauni la siku hizi ambalo kingo zake hazijapigwa ovaloki mteja halipokei. Analigeuza ndani, anaona nyuzi, anakurudishia. Nikawa nabeba nguo kupeleka kwa jirani mwenye jenereta, namlipa kwa kila nguo, faida yote inaishia kwake. Juu ya hapo mvua za El Nino nazo hazikukata vuli nzima. Maji yakijaa Jangwani barabara inafungwa, na wateja wangu wa Magomeni ndio basi tena. Mwezi wa kwanza mwenye fremu akaja na kodi yake ya miezi sita mkononi, yaani anaitaka, si kwamba anayo. Nikaangalia dukani nini kinauzika. Ukaona?

Na kilichonikera zaidi ni ile fomu ya kuomba msaada wa ada vyuoni.

Tuliijaza siku chache tu kabla sijaiuza ovaloki, usiku, simu yangu ina chaji asilimia kumi na mbili na mama yako ameshika tochi. Nilidhani wataniuliza jina na kazi. Wakataka mapato ya mzazi kwa mwaka. Sasa fundi ana mapato ya mwaka? Fundi ana mapato ya siku, na siku nyingine hana. Nikachukua kaunta buku, nikawa nakusomea: sare za shule, kaacha nusu, suti ya bwana harusi, kalipa yote, dera, bado, dera, bado, dera, bado. Ukajumlisha, ukagawa kwa elfu mbili na mia tano ili ipatikane dola. Ukanyamaza. Nikasikia unakohoa kidogo, ukasema, "Haya baba, swali linalofuata." Nilijua ile namba ilikuwa ndogo kiasi gani. Nilishukuru hukuitamka.

Swali linalofuata likawa nyumba: tukiuza leo, shilingi ngapi? Bibi yako alikuwa chumba cha pili. Akasikia "tukiuza nyumba", akatoka na bakora yake anauliza nani kasema anahama Mbagala. Ilituchukua nusu saa kumtuliza, na chaji ikaisha hapohapo. Kesho yake tukamalizia. Penye mali ya biashara ukaandika cherehani tatu na ovaloki moja. Mwezi haujaisha, ovaloki ikawa imeshakwenda. Kwa hiyo hata wale wa fomu niliwadanganya, ingawa siku tuliyoijaza ilikuwa kweli.

Niseme tu kidogo juu ya masaa, maana mama yako bado analalamika. Sisi jua letu linatoka saa kumi na mbili na linazama saa kumi na mbili, hatusumbuani. Nyie Novemba mnarudisha saa nyuma, Machi mnazisogeza mbele, tofauti yetu inakuwa nane, halafu saba. Ile Jumatatu niliyokupigia ukiwa darasani, simu ikalia mbele ya mwalimu, haikuwa kosa langu. Nimemaliza.

Sasa nije kwenye usiku wa kupatwa kwa jua. Tarehe 8 Aprili 2024, zimebaki siku mbili Idi. Sisi tulishafuturu zamani, uji wa pilipili manga umeisha, bibi yako anatafuna tambi za mwisho mwisho. Saa nne usiku ikapita, ukapiga. Kwenu ilikuwa alasiri na kivuli cha mwezi kilikuwa kimepita juu ya Indiana muda uleule. Ulikuwa unahema kama umekimbia. Ukasema giza limeingia kama dakika nne, ndege wamenyamaza, taa za barabarani zimejiwasha zenyewe, na yule mama wa jikoni bwaloni, aliyekuwa anakuwekea sahani kila siku kwa sababu wao wanafunga bwalo kabla ya magharibi yenu, amekuuliza kwa upole kama sasa unaweza kula. Tukacheka sana. Nilimsimulia ustadhi wetu hapa, naye akacheka, akasema jua kupatwa si jua kuzama. Lakini yule mama nilimpenda. Mtu asiyefunga anakuhesabia saa za kufuturu! Tena magharibi yenyewe saa mbili usiku na ushei, siku ndefu kama safari ya Kigoma.

Halafu kicheko kikaisha ukawa unalia.

Ukasema vyuo vilianza kukukataa tangu Desemba. Kimoja, kisha viwili, kisha vinne. Miezi minne ulikuwa unaniambia majibu bado, na ulishayasoma. Likizo ya Desemba uliyoniambia umealikwa na rafiki, kumbe alikualika siku mbili tu, zilizobaki ukawa karibu peke yako bwenini, unakula mkate na siagi ya karanga. Ukasema hukutaka kunipa mawazo kwa sababu kazi zangu zinakwenda vizuri. Neno lile "zinakwenda vizuri" lilinikaa hapa kooni. Ukamalizia kwamba kimoja kimekukubali, kimekupa na msaada, jibu limekuja wiki iliyopita, ndiyo maana sasa unaweza kusema.

Ule ndio ulikuwa wakati wangu wa kusema na mimi. Ulishaufungua mlango, nilitakiwa kuingia tu. Nikakwambia, "Alhamdulillahi, mwanangu, lala." Kwenu alasiri ile, nakwambia lala! Mama yako alinitazama tu, akaenda kuosha vikombe.

Mwezi wa tano ukaja na mambo yake. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani, boti za Unguja zilisimama, upepo ukachukua bati mbili za jikoni. Haya niliyasema, maana ulishayaona mtandaoni. Kisha tarehe 12 nyaya za chini ya bahari zikakatika, intaneti ikazimika nchi karibu nzima, na wewe uko kwenye mitihani. Nikaweka vocha nikakupigia simu ya kawaida. Dakika tatu, ikaliwa yote. Nilipata muda wa kukuuliza umekula nini, ukasema wali. Nikafurahi kama nimeokota hela.

Jumamosi ya mahafali mtandao ulikuwa umeanza kurudi kwa kusuasua. Saa kumi na moja jioni yetu nilifunga duka nusu mlango, nikaegemeza simu kwenye boksi la nyuzi, mama yako pembeni, na vijana wa duka la zipu wakajazana nyuma bila kualikwa. Picha inakwama, inaruka. Wanaita majina, na kila jina geni tunadhani ndilo lako limetamkwa vibaya. Ulipotokea, ilikwama ukiwa umeinua mguu kwenye ngazi. Tukasikia makofi tu. Mama yako alipiga vigelegele kwa picha iliyosimama.

Mimi nilikuwa naangalia joho. Nisamehe, ni kazi. Bluu nzito, kitambaa cha kuteleza, bado lina mikunjo ya kwenye nailoni, zipu ya mbele imepanda upande, na pindo la kushoto liko chini kuliko la kulia. Mtu alilipua kazi. Ningekuwa karibu ningelikunjua na kulipiga upya kwa dakika kumi.

Jioni ukatuma picha yenyewe, na hapo ndipo nilipoliona gauni langu chini ya joho. Nililishona mwaka 2022 kabla hujaondoka, kwa vipimo vya binti wa miaka kumi na sita, nikaliachia pindo la vidole vinne kwa ndani. Hukuniambia kama umerefuka. Niliivuta ile picha hadi ikawa chengachenga. Pindo lilikuwa limekunjuliwa lote, alama ya mkunjo wa zamani inaonekana kama mstari wa chaki, na chini yake umeshona kwa mkono, bandi fupi fupi, uzi mweupe kwenye kitambaa cha kijani. Uzi wa kijani hukuwa nao. Lakini bandi zimekaa sawa, hazikuvuta kitambaa. Nilikufundisha hizo ukiwa darasa la tatu, ukachukia, ukachomwa sindano mara mbili, ukasema hutashona tena maisha.

Sikukwambia nimeliona. Nilikuandikia "hongera sana" na maua, kama watu wote.

Novemba iliyopita, lile ghorofa lilipoanguka hapa Kariakoo, ulipiga mara kumi na moja. Duka letu liko mtaa mwingine, nilikuwa mzima, ila simu niliiacha kaunta nikakimbilia kule kama watu wote. Nilipokupata ulikuwa huna sauti. Ukasema, "Baba, nisipokuona siamini tena ukisema uko salama. Usinifiche." Nilikasirika kidogo, nitakuwa mkweli. Nilijiuliza nimeficha nini. Nikatembea hadi kituo cha daladala, nikiwa kwenye foleni ndipo nikaikumbuka ovaloki.

Basi dhumuni ndilo hilo. Niliiuza, mwezi wa kwanza 2024, kwa bei ya kutupa, kwa kijana wa Tandika. Mwezi wa pili mwaka huu nimenunua nyingine, mtumba, inapiga kelele kuliko ile ya kwanza. Ukipiga simu utaisikia, na usiposikia, uliza, nitakwambia iko wapi.

Kwa huyu dada nimempa pia kifurushi, atakitia posta pamoja na barua: ubuyu wa bibi yako na rili mbili za uzi, kijani na bluu. Kitambaa cha gauni jipya ninacho hapa, sijakikata. Nitumie vipimo: bega, kifua, kiuno, na urefu kuanzia begani hadi kifundo cha mguu. Usijipime mwenyewe, ukiinama futi linadanganya. Mwombe mtu akupime, simama wima, na uvae viatu utakavyovaa.

Ni mimi baba yako.

Mama yako anasema niongeze kwamba bati za jikoni zimesharudishwa, na kwamba yeye alijua yote tangu siku ya kwanza.