Kofia Inayorudi Baada ya Idd

Langoni,
Lamu 80500.

Kwa Meneja,
Idara ya Wauzaji.

YAH: MASHARTI MAPYA YA KUREJESHA BIDHAA

Huu ni mwaka wa tatu nauza kofia za vito, zile za kutariziwa matundu kwa mkono, kwenye soko lenu la mtandaoni. Sijawahi kuwaandikia barua, na hata leo nisingeandika lau simu ya huduma kwa wauzaji ingepokewa na mtu, si sauti iliyorekodiwa inayoniambia nibonyeze moja.

Ramadhani ilipoanza mlitutumia ujumbe kwamba mnunuzi anaweza kurejesha vazi lolote ndani ya siku 14 bila kuulizwa, nauli ya kurudisha ni juu ya muuzaji, na pesa mtazishika hadi siku hizo ziishe. Ujumbe uliingia Ijumaa jioni, masharti yakaanza Jumatatu. Mkataba tuliotia sahihi unataka taarifa ya siku 30.

Tarehe 24 Ramadhani niliuza kofia kwa mteja wa Nairobi, shilingi 6,500, namba 22, kipimo alichonipa mwenyewe. Kofia hiyo imeshonwa na mama mmoja wa Mkomani kwa zaidi ya miezi mitatu. Kitambaa cheupe huchorwa kwanza kwa penseli, kisha tundu moja moja huzungushiwa uzi kwa sindano, na yeye hushika kazi hii usiku watoto wakishalala. Nilikuwa nimemlipa zamani. Humlipa siku anayonikabidhi, maana mwenye duka la unga hamngojei siku 14.

Mzigo ulifika siku mbili kabla ya Idd. Idd ikapita, na tarehe 4 Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, nikaona kofia imerejeshwa. Sababu: "Hainitoshi." Nilipofungua bahasha, udi ulinijaa puani. Ndani, pale kofia inapokaa kwenye paji, pana mstari wa jasho wa rangi ya chai. Ilimtosha sana, hadi msikitini na kurudi! Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kwa masharti yenu inasitiri vizuri tu, tena nauli ya kuiazimia nalipa mimi.

Kofia ya namna hii ikishafuliwa, ikatiwa wanga na kuwambwa upya, ni kofia iliyovaliwa, nami siwezi kuandika "mpya" juu yake. Niliwatumia picha nne za lile doa. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: malalamiko yamefungwa. Nani aliyezitazama kwa dakika mbili?

Kuna na hili la kutuma mzigo ndani ya saa 24, nisije nikalisahau. Fomu yenu inataka jina la barabara ambako pikipiki itachukua mzigo. Mji wetu mkongwe ni vichochoro na punda. Mzigo huvuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, hapo ndipo unapopata basi, na mabasi huondoka asubuhi. Oda ikiingia alfajiri, basi la siku hiyo siliwahi, na la kesho yake huondoka saa 24 zimeshapita, na duka langu mnalisukuma chini kwenye orodha.

Naomba mnirudishie 6,500 pamoja na nauli mliyonikata. Vazi la kushonwa kwa mkono lirejeshwe tu likiwa na lakiri yake haijakatwa. Lakiri nitatia mwenyewe, hamtagharamika. Na saa zenu mzihesabu tangu basi linapoondoka Mokowe, risiti nitawapigia picha.

Nimeambatisha zile picha nne, risiti ya basi na ukurasa wa mkataba wenye siku 30. Kofia yenyewe nimeihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, mkitaka kuinusa.

Nahitaji jibu kabla ya Mfungo Sita. Maulidi yanakuja na oda zitaanza kuingia. Nisipojibiwa, kofia za mwaka huu nitaziuza hapahapa barazani, kwa wenye kulipa taslimu.

Wenu,
Muuzaji wa kofia, Langoni