Duki si liwali: barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa BAKITA

Kwa Katibu Mtendaji,
Baraza la Kiswahili la Taifa.

YAH: ISTILAHI ZA UTAWALA WA KIAPO, KWA MFANO WA COURLAND

Ndugu Katibu Mtendaji,

Tunaomba Baraza lisanifishe istilahi nne ambazo kila anayeandika historia ya Ulaya kwa Kiswahili huzikwepa au huzibuni papo kwa papo. Ya kwanza ni ya mtawala aliye chini ya mfalme lakini anayerithiwa na mwanawe, yule ambaye Kiingereza humwita "duke". Ya pili ni ya nchi yake. Ya tatu ni ya mtu aliyemwapia mfalme wa jirani akapewa nchi aitawale, na ya nne ni ya ardhi anayopewa kwa kiapo hicho. Kwa sasa mwandishi huokota "liwali", "mtemi", "kibaraka" au "himaya", na kila moja humpoteza msomaji kwa njia yake.

Tuyapime maneno hayo kwa nchi moja: Courland, iliyo sehemu ya Latvia ya leo, ambayo ilikuwa chini ya taji la Poland na Lithuania tangu 1561 hadi 1795. Tumeichagua kwa sababu ilifika hadi Afrika. Mwaka 1651 watu wake walijenga ngome kwenye kisiwa kidogo cha Mto Gambia, ambacho tangu 2011 kinaitwa Kunta Kinteh. Anayeandika habari za kisiwa hicho hana budi kueleza wajenzi wake walikuwa watu wa nani.

Gotthard Kettler alikuwa mkuu wa mwisho wa shirika la watawa wapiganaji wa Livonia, eneo la Latvia na Estonia za leo. Majeshi ya Ivan wa Nne wa Urusi yaliwabana tangu 1558, naye akakimbilia kwa Sigismund Augustus, mfalme wa Poland na mtawala mkuu wa Lithuania. Mkataba ulitiwa saini Vilnius, Novemba 28, 1561. Machi 5, 1562, mjini Riga, Kettler aliacha utawa, akasalimisha alama za cheo chake mbele ya mwakilishi wa mfalme, kisha akapokea Courland na Semigallia akiwa duki. Mpangilio wa hatua hizi ndio kiini cha jambo zima. Kwanza anatoa, halafu anapokea. Nchi hupita mkononi mwa mfalme, hata kama ni kwa muda wa kufumba na kufumbua, na ikirudi huwa imefungwa kwa kiapo. Mwandishi anayesema tu kwamba "Poland iliiteka Courland" amefuta yote hayo.

Sasa maneno yenyewe. Liwali wa Mombasa alikuwa mtu wa Sultani wa Zanzibar: alimweka, na akitaka alimwondoa. Kettler alipofariki mwaka 1587, nchi ilikwenda kwa wanawe, Friedrich na Wilhelm, ambao mwaka 1596 waliigawana, mmoja akakaa Jelgava na mwingine Kuldīga. Hakuna liwali anayegawia wanawe uliwali. "Utemi" nao umeanza kuzoeleka, hasa kwa Luxemburg, na twakiri una ladha nzuri. Lakini Mirambo hakupiga magoti kwa mfalme wa jirani ili awe mtemi. Utemi hauna bwana juu yake, ilhali kuwa na bwana juu yake ndiko kunakomfanya duki wa Courland awe alivyo.

"Kibaraka" ndilo lenye madhara makubwa zaidi, kwa kuwa linaficha kwamba kiapo kilikuwa na pande mbili. Mwaka 1561 mfalme naye aliahidi: dini ya Kilutheri isiguswe, maofisa wawe Wajerumani, na haki za makabaila zibaki. Pande zikivunja ahadi, kulikuwa na pa kushitakia. Wilhelm aligombana na makabaila wake, na mwaka 1615 ndugu wawili wa ukoo wa Nolde, waliokuwa vinara wa upinzani, wakauawa Jelgava. Makabaila walipeleka shauri kwa mfalme. Wilhelm akavuliwa madaraka mwaka 1616, na mwaka uliofuata makamishna wa Poland wakaandika katiba iliyomlazimu duki kutawala pamoja na washauri wakuu wanne. Hapa mfalme ni hakimu kati ya duki na watu walio chini ya duki. Ukimwita Wilhelm kibaraka, kisa hiki hakisomeki, maana kibaraka huwa anagombana na wananchi kwa faida ya bwana wake, nao hawana wa kumlilia.

Mwanawe Wilhelm, Jakob, aliyetawala 1642 hadi 1682, anatatiza mambo zaidi. Alijenga merikebu Ventspils, akatuma watu Gambia, na mwaka 1654 akaweka makazi Tobago, kisiwa cha Karibi. Yote hayo aliyafanya kwa jina lake, wala si kwa jina la Poland. Mwaka 1658 Waswidi walimkamata, wakamshikilia hadi 1660. Ngome ya Gambia ikayumba bila mwenyewe, na mwaka 1661 Robert Holmes akaichukua kwa ajili ya Waingereza, ikaitwa James. Baadaye, chini yao, ikawa kituo cha biashara ya watumwa. Mwaka 1664 Jakob alipatana na Charles wa Pili: aache madai yake Gambia, na Tobago apewe na mfalme wa Uingereza, kwa masharti ya utii.

Hebu tazama hali hiyo. Mtu mmoja ana wafalme wawili juu yake, mmoja kwa Courland, mwingine kwa Tobago, na hakuna anayeona ajabu. Kwa hiyo istilahi ya Kiswahili lazima ifungwe kwenye ardhi, isifungwe kwenye mtu. "Raia wa Poland" halifai. "Mtumishi wa mfalme" halifai.

Gambia kwenyewe ni habari nyingine kabisa. Watu wa Courland walipata maeneo yao kwa kupatana na wafalme wa Kombo na Barra. Kisiwa hakikuwa na maji ya kunywa, yalitolewa bara, kwa hiyo ngome iliishi kwa uhusiano wake na wenyeji wa ukingoni. Hapakuwa na duki aliyekula kiapo kwa mfalme wa Barra, wala mfalme wa Barra aliyekula kiapo kwa duki. Pale "koloni" latosha, ingawa kwa ukubwa wa kile kisiwa neno lenyewe linapwaya.

Kuhusu "himaya", asili yake ni ulinzi, na baadhi yetu bado huitumia kwa nchi lindwa kama Zanzibar baada ya 1890. Wengine huitumia kwa dola kubwa lenye makoloni. Neno linalomtaja mlinzi na mlindwa kwa pamoja haliwezi kueleza Poland na Courland.

Tumefikiria pia "nyarubanja" ya Buhaya, ambapo mkama, yaani mtawala wa huko, alimpa mtu wake ardhi pamoja na watu walio juu yake. Linafaa sana kwa shamba la kabaila wa Courland, hasa baada ya hati ya 1570 iliyowapa makabaila mashamba ya kurithishana na mamlaka juu ya wakulima Walatvia. (Wakulima hao hawakuachiwa hadi 1817, tena bila ardhi, na katika viapo vyote tulivyotaja hakuna aliyewauliza.) Kwa nchi nzima yenye mtawala wake, neno hilo ni dogo.

Tunapendekeza, basi, "duki" kwa mtawala na "uduki" kwa nchi yake. Ardhi iliyotolewa kwa kiapo iwe "ardhi ya kiapo". Kwa aliyeapa tulianza na "mla kiapo", lakini wingi wake, "wala kiapo", unasomeka kama kanusho. Tukaishia kwenye "mwapaji", wingi "waapaji".

Istilahi hizi zibebe pia mwisho wa mambo, kwa sababu ardhi ya kiapo hurudi kwa mfalme ukoo ukikatika. Bunge la Poland liliamua hivyo kwa Courland tangu 1589. Lakini ukoo wa Kettler ulipokatika mwaka 1737, Poland haikuwa na nguvu ya kudai chake. Duki mpya alikuwa Ernst Johann Biron, kipenzi cha Anna, malkia wa Urusi, ambaye mwenyewe alikuwa mjane wa duki mmojawapo. Hati ilitoka kwa mfalme wa Poland, mtu akatoka St. Petersburg. Msomaji wa mwambao ataelewa upesi: bendera ya Sultani ilipepea Mombasa hadi 1963, na amri zilitoka kwa Waingereza. Mwaka 1795 Peter, mwana wa Biron, aliikabidhi nchi kwa Urusi, na kiapo cha Vilnius kikawa hakina tena wa kukipokea.

Jopo likikaa, tunaomba kila pendekezo lijaribiwe kwa sentensi hii: "Duki Jakob alikuwa mwapaji wa Poland kwa Courland, na mwapaji wa Uingereza kwa Tobago." Neno litakaloifanya sentensi hiyo ieleweke bila tanbihi, hata likiwa si letu, tutalitumia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wafasiri na waandishi wa historia kwa Kiswahili