Kwa Nini Hatukuahidi Simba

Sisi huandaa safari za wageni; ukitupigia simu una mgeni wa siku moja Nairobi, swali la kwanza huwa lile lile: "Simba ataonekana?" Nasi hujibu: huenda. Mbuga ya Nairobi haina uzio upande wa kusini, wanyama huingia na kutoka wapendavyo, na hakuna dereva aliyemficha simba kichakani.

Wako wanaokata simu hapo. Sawa tu. Mgeni huipima safari kwa alichoambiwa ataona. Aliyeahidiwa wale wanyama watano mashuhuri atahesabu mmoja mmoja, na hesabu haitatimia, kwa kuwa humo mbugani hakuna ndovu wa porini. Ndovu tulio nao ni watoto yatima wa Sheldrick, kituo cha kulelea ndovu, wanaotazamwa saa tano hadi saa sita mchana, na nafasi huwekwa mapema. Mgeni aliyeelezwa hivyo tangu mwanzo hukaa kwa utulivu akimtazama kifaru akila nyasi, maghorofa ya jiji nyuma yake, na hamuulizi mtu ndovu yuko wapi.

Kinachomchosha zaidi ni vitu vidogo. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi mbugani, na si jambo la kupendeza kusimama langoni saa kumi na mbili asubuhi ukipekuliwa mkoba. Garini tuna chupa za chuma na mtungi wa maji. Kiingilio tunalipa mapema kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hiyo ututumie nakala ya pasipoti ya mgeni. Kiwango cha raia si cha mgeni wa nje, na bei ikibadilika getini, uso nao hubadilika.

Halafu kuna ratiba. Mbuga, ndovu, twiga wa Lang'ata, jumba la Karen Blixen, Maasai Market, kisha uwanja wa ndege jioni ileile? Hapana. Tutapunguza, hata kama uko tayari kulipa. Wanaotupigia tena, mara nyingi wakija na wazazi au watoto wao, huwa ni wale waliobakisha kitu cha kuona siku nyingine na walioondoka bila kuhangaishwa na foleni ya Mombasa Road. Ikibidi tunapita Expressway, barabara ya kulipia, na ada yake imo kwenye bei yetu.

Basi ukipiga, anza na saa ya ndege. Tutapanga siku kuanzia hapo kurudi nyuma.