Aliyepiga kura si anayefukuzwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji. Tangu habari za Wacuba wanaofukuzwa Marekani zianze kusomwa barazani kwetu, jibu ninalolisikia ni moja: "Wamejitakia wenyewe. Si ndio waliompigia kura Trump?" Wanaolisema ni watu ninaowaheshimu, na linaniuma, kwa sababu tunamhukumu mtu kwa kosa la mwenzake.

Ni kweli Wacuba wa Florida ni ngome ya Republican, chama cha Trump, tangu zamani. Mwaka 2024 Trump aliichukua kaunti ya Miami-Dade kwa takriban asilimia 55, na kabla yake, tangu 1988 hakuna mgombea urais wa chama hicho aliyekuwa ameshinda pale. Lakini anayefukuzwa si raia, na asiye raia hana kura ya urais. Aliyepiga ni mjomba wake, au bibi yake aliyefika miaka ya sitini.

Kwetu Unguja, Cuba ni daktari aliyekutibia Mnazi Mmoja. Ni askari waliopigana na Makaburu kule Angola. Ndiyo maana Mcuba wa Miami hatumwelewi. Mzee wa Hialeah, mji wa Wacuba kando ya Miami, ana Cuba yake: duka la baba lililotaifishwa na serikali ya Castro, kaka aliyefungwa, nyumba aliyoifunga akidhani atarudi baada ya miezi michache. Waliopelekwa na Marekani Ghuba ya Nguruwe, pwani ya Cuba, Aprili 1961 kumpindua Castro waliona serikali ya Kennedy imewatelekeza, na uchungu ule dhidi ya Democrat, chama cha Kennedy, wamewarithisha wajukuu. Sisi Wazanzibari tungekuwa wa kwanza kulielewa hili. Wengi wetu tuna jamaa Muscat walioondoka 1964, na tunajua mtu anavyoweza kuishi miaka sitini ugenini huku siasa yake imesimama siku ile aliyopanda chombo.

Tena kulikuwa na sheria. Tangu 1966 Mcuba aliyeingizwa rasmi Marekani aliweza kuomba ukaazi wa kudumu, kwanza baada ya miaka miwili, baadaye baada ya mwaka mmoja tu. Mhaiti aliyevuka bahari ileile alirudishwa. Kwa hiyo mgombea alipohubiri kuwatimua wahamiaji, Wacuba wengi walijua anasemwa mwingine. Hapo siwatetei. Walimwona jirani akitolewa nje wakadhani mlango wao una komeo.

Komeo lenyewe lilikuwa limeshaanza kulegea. Januari 2017 Obama alifuta utaratibu wa kumpokea kila Mcuba aliyekanyaga nchi kavu. Kuanzia 2021 walipofurika mpaka wa Mexico, wengi waliachiwa kwa karatasi iitwayo I-220A, na wengine kwa karatasi tofauti ya ruhusa ya muda. Ndugu wawili wangeweza kuvuka siku moja, kila mmoja akaangukia meza ya ofisa wake. Septemba 2023 Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ikaamua kwamba I-220A haihesabiki kuwa ruhusa ya kuingia. Aliyepewa ruhusa ya muda ana ukaazi leo. Mwenzake wa I-220A, mtoto wa tumbo moja, anaripoti kwa maofisa akiogopa kutotoka.

Wapo pia Wacuba kama 110,000 waliofuata mpango wa Biden wa Januari 2023 wa kuingia kwa ruhusa ya muda. Hawa hawakuvizia mpaka. Walitafutiwa mdhamini, wakachunguzwa, wakapanda ndege kwa tiketi zao. Trump aliufuta mpango huo mwaka 2025, na Mei 30 Mahakama ya Juu ikamruhusu kuendelea. Mtu aliyetii kila alichoambiwa, tunamwambia amejitakia?

Kama lawama lazima itue mahali, itue kwa wenye sauti. Waziri wa Mambo ya Nje, Marco Rubio, ni mtoto wa wahamiaji wa Cuba. Wabunge watatu wa Miami, María Elvira Salazar, Carlos Giménez na Mario Díaz-Balart, ni wa asili hiyohiyo. Kura za wazee wale ndizo zilizowapa viti.

Na jambo hili limeshafika bara letu. Julai 2025 Eswatini ilipokea wanaume watano kutoka Marekani, mmoja wao Mcuba. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na asili ya huko, na walitiwa gerezani ingawa vifungo vyao walishavimaliza Marekani. Wacuba walikuwamo pia kati ya wanane waliopelekwa Sudan Kusini. Rwanda imekubali kupokea hadi watu 250, na Uganda nayo imeingia makubaliano yake.

Ombi langu, Mhariri, mtume mwandishi Kigali na Kampala akaulize: hao watakaoshushwa pale watalala wapi, watapewa karatasi gani, na serikali zimepewa nini ili ziwapokee.

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Unguja